Chini ya Bati la Bwana Kufuli

Jina lake la kwenye cheti hatukulishika.
Mpwapwa walimwita Bwana Kufuli,
kwa kuwa hata banda la kuku alilifunga
na funguo akalala nazo kiunoni.

Nyumba yenyewe ndiyo hii: kuta za mawe,
unene wake mkono mzima mpaka begani,
madirisha membamba kama jicho la mtu anayekudai,
baraza upande wa magharibi, ngazi tano,
ya tatu imeliwa na visigino vya wapishi.

Afisa wa mambo ya kale alikuja na tepi.
Akavua kofia, akagonga ukuta, akasikiliza.
"Fundi Chilongani, saruji marufuku.
Saruji itaukaba. Ukuta huu unapumua."
Nikachoma mawe siku mbili, nikazima chokaa shimoni,
ikatokota kama uji wa msibani.
Miaka arobaini nalala ndani ya saruji,
nani aliwahi kuniuliza kama napumua?

Jumanne tukavua bati.
Wakatoka popo, na mavi yao debe zima,
na kipande cha gazeti kisichosomeka,
na chini ya yote hayo,
udongo.

Paa bapa. Magogo, juu ya magogo fito,
juu ya fito nyasi, kisha tope la kichuguu
lililoshindiliwa kwa nyayo.
Mchela, kijana wangu wa kubeba maji, akasema:
"Fundi, hii si tembe?"

Tembe.
Kumbe kabla bati halijafika
naye alilala kama sisi,
mvua ikamdondokea puani kama sisi,
halafu akaona haya, akaifunika.

Mwaka ule wa kuhamishiwa vijijini
lori lilifika kwa bibi Nyamwanji asubuhi,
uwele bado umo kwenye kilindo.
Tembe yake ililazwa chini chungu kikiwa cha moto.
Hakuna aliyeupima ukuta. Hakuna aliyeugonga akasikiliza.
Bibi aling'oa kizingiti cha mlango, akakipandisha,
akakikalia njia nzima
hadi kwenye viwanja vilivyochorwa kwa kamba.

Afisa anataka kibao: *Nyumba ya Mlowezi*.
Nikamwambia, andika na tembe.
Akasema fomu ina mstari mmoja.

Kona ya kaskazini, chini ya boriti,
kuna alama za vidole vinne kwenye tope kavu.
Mtu alikandika, akachoka, akaegemea.
Vidole vyembamba; cha mwisho kimepinda.
Vyangu havikuingia.

Kuta zote nimezipaka chokaa mikono mitatu.
Ile kona nimeiruka.
Afisa aliponiuliza nikamjibu, chokaa imeisha.
Ndoo mbili ziko nyuma ya ngazi,
nimezifunika kwa bati la Bwana Kufuli.