Kiwambo

Rotterdam, asubuhi, ghorofa ya thelathini na moja.
Sjoerd halegezi nati hata moja
mpaka minyororo ikaze.
"Kwanza ashikwe, ndipo aachiwe," husema,
kama anayemkabidhi jirani mtoto mchanga.

Kibandani mwa winchi Tineke anasoma upepo:
tisa. Kumi. Tisa.
Redio inakoroma: zege linafika saa nne!
"Kumi na mbili," anajibu, na haongelei saa.
Anamenya chungwa.

Tunangoja. Kamba ya kuongozea i mkononi mwangu.
Chini, utepe mwekundu umefunga njia ya baiskeli;
bibi mmoja anamfokea mlinzi, naona mkono tu.
Simlaumu. Hajui tani mbili za wavu na chuma
zinavyotamani kuwa bawa.

Saa nne na robo upepo unanywea.
Lori la zege linazungusha tumbo lake barabarani.
Boliti ya mwisho inaingia mfukoni mwa Sjoerd,
na ukuta unaondoka.

Mji wote, ghafla,
hatua mbili kutoka vidole vya miguu yangu.
Nauvuta mkanda wa usalama.
Nauvuta tena.

Kiwambo kinapanda, kinageuka kidogo,
kamba inaniuliza swali viganjani.
Naijibu kwa kulegeza.

Juu, boliti zimeingia zote.
Sjoerd anazihesabu upya kwa kidole.
Minyororo bado hajaiachia.