Jokofu na Kodiani

Jumamosi hii hatuna pa kwenda, na ndilo tuliloliomba.
Mvua imeketi juu ya vilima vya Idrija tangu alfajiri,
haina haraka, nasi hatuna.
Jernej kajilaza kwenye kochi, soksi moja mguuni,
nyingine Mungu anajua;
wiki nzima kabeba barua za watu,
leo barua zijipeleke.
Mimi nakoroga jamu ya plamu,
nakoroga kivivu, mwiko ukinielekeza,
na Tilen anacheza karata peke yake
na bado anajiibia.

Neža, miaka sita, pengo mbele,
ametumwa stoo kuleta mitungi.
Kimya.
Mwenye mtoto anakijua kimya cha namna hiyo.

Nikamfuata. Mitungi ipo, haijaguswa.
Nyuma ya mbao za kutelezea thelujini
sanduku limeachama,
naye kapiga magoti mbele ya kodiani ya mama mkwe wangu, Zdenka:
nyekundu, kona moja imemeguka,
inanuka kabati na tumbaku.

"Mama," akaninong'oneza, "imelala.
Nikiivuta, inapumua."

Na kweli. Hajabonyeza sauti yoyote.
Kakipata kile kitufe cha pembeni kinachoachia upepo tu,
akavuta mivukuto, haaa,
akaisukuma, huuu.
Mimi ningetafuta wimbo.
Yeye alitafuta mapafu.

Tukaibeba hadi jikoni, mimi huku, yeye kule,
kama majeruhi.
Jernej akafumbua jicho moja:
"Mama aliifunga mwenyewe. Alisema mgongo umegoma."
Akalifumba.

Sauti ya kwanza ilipotoka, Tilen akatupa karata:
"Ng'ombe anazaa!"
Paka akachagua mvua.
Neža hakusikia la mtu. Alivijaribu vitufe kimoja kimoja
kama mgeni asiye na adabu anayefunua kila chungu,
anaonja, anakunja uso, anafunika.
Mchana ukapita hivyo. Jamu ikashika chini,
nikaipakua hivyo hivyo, tukaila na mkate,
tukasema ina ladha ya moshi, tukaongeza.

Halafu, saa tisa hivi, akasimama kwenye kitufe kimoja.
Akabonyeza. Akaacha. Akabonyeza tena.
Akageuka kulitazama jokofu,
lile kuukuu tulilopewa siku ya harusi,
linalonguruma hadi vijiko vinatetemeka,
ambalo kila Krismasi nasema liuzwe.

"Mama, jokofu nalo linaijua hii."

Tukasikiliza.
Mmmm, likasema jokofu.
Mmmm, ikasema kodiani,
mpaka sikuweza kuapa ipi ni ipi.
Miaka kumi na miwili nimepika humu ndani
nikidhani ni kelele.

Ndipo Jernej alipoamka kweli.
Akaja na soksi yake moja, akakaa sakafuni,
mgongo kwenye mlango wa jokofu,
akanyoosha kidole juu ya kidole cha binti yake,
akahesabu vitufe viwili, akabonyeza cha tatu.
Sauti mbili zikakaa pamoja
kama watu waliozoeana benchi.
"Sikufundishwa," akasema. "Nilikuwa nalala chini ya meza,
yeye akipiga."
Hakuongeza neno, nami sikumchimba.

Jokofu likajizima, kama lilivyozoea.
"Limechoka," akasema Neža. "Tulisubiri."
Basi tukasubiri, sote wanne, sakafuni,
Tilen kidole mdomoni kutunyamazisha,
tukikingoja chombo cha kupozea maziwa
kitupe sauti.

Jumapili ilikuwa hiyo hiyo, na mvua ile ile.

Usiku wa kuamkia Jumatatu nikaenda kunywa maji,
miguu mitupu, taa sikuwasha.
Likaanza kunguruma.
Nikasikia pengo pale ilipopaswa kuwa sauti ya pili,
na kidole changu, bila kuniuliza,
kikabonyeza mpini wa mlango wake.