Harufu ya Radi Chini ya Sitaha

Kipoza joto kiliziba tena mwezi wa nne.
Nilifungua kifuniko, nati kumi na sita,
na ndani, mahali pa mirija mia mbili ya shaba,
nikakuta bustani:
utando mzito kama uji wa mtama uliolala,
konokono wadogo kuliko punje ya ulezi,
ndevu za gugu maji,
na chaza mmoja, amejijengea mlangoni
kama mwenye hatimiliki.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta.
Huku kwenye injini methali imepinduka:
hapa ufa ndio uhai.
Ukiziba, kipimo kinapanda, tisini, tisini na sita,
na meli yenye mabehewa kumi na manane ya ngano
inazimika kwa joto
katikati ya maji baridi yasiyo na mwisho.

Mzee Ssebugwawo alisugua mirija hiyo miaka thelathini
kwa fimbo ya mwanzi na brashi ya waya.
Kisha wakaleta klorini.
Mirija ilisafika, naam.
Na asubuhi moja mukene wakaelea kando ya gati la Port Bell,
matumbo juu, weupe kama vijiko,
watoto wa Luzira wakaingia na mabeseni
na sisi tukawafukuza kwa mikono mitupu,
bila kusema kwa nini.

Kyomuhendo alikuja na sanduku, kubwa kama kabati la nguo,
na kitabu cha maelekezo kilichoandikwa kwa ajili ya bahari.
Kila palipoandikwa *bahari* alikata kwa penseli
akaandika *ziwa*.
Palipoandikwa *chumvi* alikata tu.

Alitufafanulia kwa Kiswahili cha mashine,
lugha ambayo mama yangu aliikataza nyumbani
akisema ni ya kambini, ya buti na amri:
Hewa hii hutembea wawili wawili.
Ukiipiga umeme, inakuwa ya watatu,
na watatu hawakai chumba kimoja.
Mmoja hutoka akitafuta ugomvi.
Humkuta mtoto wa konokono angali anaogelea,
hajachagua ukuta,
humchoma,
na waliobaki ni wawili tena, hewa tu,
hii hii unayoivuta.

Ozoni, alisema.
Ssebugwawo akalitamka jina mara mbili, akatema mate.

Wiki ya tatu mipira ya viungio ilipasuka
kama visigino vya kiangazi.
Gesi ilikuwa imekula raba.
Kyomuhendo alikohoa siku mbili, macho mekundu,
na mzee akacheka hadi akaketi juu ya debe la grisi.
Binti hakujibu. Alibadilisha mipira yote, akafunga feni ya pili,
akapunguza kidhibiti hadi karibu na sifuri,
akaandika ukutani kwa chaki:
KIDOGO. KILA SAA.
Nilidhani ni dawa ya meli.
Siku hizi nalipa deni la duka hivyo hivyo.

Mwezi wa tisa nilifungua nati kumi na sita.
Shaba iling'aa, nikauona uso wangu
umekatwa vipande mia mbili vya mviringo.
Kipimo: themanini na moja.
Kando ya gati mukene walikuwa wakigeuka majini, hai,
hawana habari nasi.

Yule chaza bado alikuwapo.
Gesi haikumweza; alikwisha kujenga kabla haijaja.
Nilimbandua kwa bisibisi, akatoka na kipande cha rangi,
na Ssebugwawo akaomba apewe.
Amemweka juu ya redio yake. Sijamuuliza.

Nyumbani, Nabwire hunusa shati langu mlangoni.
Mvua imenyesha Luzira?
Hapana, namwambia, ni kazi.
Anatazama mbingu, kavu, bila wingu,
kisha anatoka kuanua nguo hata hivyo.