Namba Witiri

Saa nane za usiku, Oulu. Kipimajoto cha dirishani
kimesimama ishirini na sita chini ya sufuri,
na Hilkka Räsänen anaambiwa kwa simu, mara ya nne:
imekatika tena.
Anayepiga ni Aatos wa maabara ya damu.
Sauti yake haina hasira. Ingekuwa nayo, ingekuwa nafuu.

Jana jioni walisasisha mfumo wa ngome.
Ukazimika, ukaamka, ukajitangaza mzima:
taa za kijani, zote, kama kwaya ya waongo.

Salamu ndogo anazotuma zinajibiwa.
Upo? Nipo. Upo? Nipo.
Mkuu wake, aliyeamshwa, amesema basi mtandao mzima,
akajifunika tena.
Lakini majibu ya damu mara yanafika wodini,
mara yanakwama kooni,
na homa isiyo na ratiba ndiyo homa mbaya.

Anafungua daftari la bawabu.
Maana ndani ya ngome yumo bawabu asiyelala,
kila anayetoka humwandika: anwani, mlango, namba, saa,
ili jibu lake likirudi na kupiga hodi
lisiulizwe litokako, liambiwe tu karibu.
Majina yamo. Anayaona. Yameandikwa vizuri.
Na bado majibu yanaachwa nje,
bila karibu, bila hata njoo kesho.

Anachukua karatasi iliyofungia mkate wa mdalasini,
yenye doa la siagi, anaandika:
51208 imepita.
51209 imekufa.
51213 imekufa.
51220 imepita.
Anaitazama mpaka kahawa inapoa.
Shufwa zinaishi. Witiri zinakufa.
Anacheka peke yake, kicheko cha mtu aliyeona nyayo
asijue bado ni za mnyama gani.

Saa tisa u nusu anatoka kupunga hewa.
Anasaini mlango mkuu, anazunguka jengo,
theluji inalia chini ya viatu,
na kwa kuwa baridi haina subira
anaingilia mlango wa ambulensi, ulio karibu.
Mlinzi ni mpya. Kifuani: Jalmari.
"Jina lako halimo."
"Nimetoka sasa hivi, mlango mkuu."
"Hilo ni daftari la huko," anasema kijana, kwa adabu.
"Zamani lilikuwa moja. Wamebadilisha Jumatatu."

Hilkka amesimama, pumzi yake moshi mtupu.
"Rudia," anamwambia. "Rudia hilo la mwisho."

Kwani kebo za maabara ni mbili.
Shufwa huenda kwa ya kwanza, hurudi kwa ya kwanza.
Witiri huenda kwa ya kwanza, hurudi kwa ya pili,
na miaka sita hakuna aliyejali,
kwa kuwa bawabu wa zamani alikumbuka sura.
Huyu wa leo anakumbuka mlango.
Si mwizi huyu, wala si mjinga. Amepewa sheria mpya,
nayo ilitangazwa, ukurasa wa arobaini wa maelezo
ambayo Hilkka aliyasoma kwa jicho moja
akila supu.

Neno moja. Anabadilisha neno moja,
anapakia kanuni upya, hapumui.
51307 imepita.
51311.
51315, bila hata kugeuka nyuma.

Saa kumi na moja potasiamu ya kitanda cha tisa
inafika wodini: nne nukta moja, ya kawaida.
Daktari anaitazama, anapiga miayo.
Shukrani ya kazi hii ndiyo hiyo,
miayo ya mtu asiyejua kwamba kuna kilichokatika.

Juu ya ule mstari ameacha maneno kwa atakayemrithi:
Usifute. Si kosa.
Wapo wanaorudi kwa mlango mwingine.

Kisha akaenda kulala.
Na katika daftari la mlango mkuu, mpaka leo,
Hilkka Räsänen alitoka saa tisa u nusu kupunga hewa
na hajarudi.