Pembetatu

Mashine ilikuja kwa treni kutoka Mombasa,
imeviringishwa magunia kama mgonjwa,
ikawekwa nyuma ya duka la Hajati Zalika, Walukuba,
kati ya mapipa ya mafuta ya taa
na friji iliyogeuzwa kabati la viatu.
Haikuwa na rangi. Haikuwa na watu wala nyumba ndani yake.
Mistari tu, mistari ya nuru juu ya giza,
myembamba kama uzi wa kiwanda cha nguo alikofanya kazi baba,
na katikati pembetatu ndogo.
Huyo ndiye mimi.

Tundu lake lilikataa shilingi zetu.
Mwaka ule hata wauza unga walizikataa.
Basi fundi Oguti akakata vipande vya shaba,
Hajati akaviuza, kimoja kwa yai moja,
nami nikaiba mayai mpaka kuku wakanishuku.

Mawe yalikuja polepole, hayana haraka, hayana chuki.
Ukilipiga kubwa linazaa mawili,
mawili yanazaa manne,
kama madeni, alisema Wandera,
vidole vyake vya wino wa shule juu ya vitufe.
Na mlio ule, du, du, du,
unazidi kasi kadiri mawe yanavyopungua,
mpaka usijue ni moyo wa mashine au ni wako.

Ukitokea ukingo wa kulia unaibukia kushoto.
Hilo hatukuhitaji kuelezwa, sisi wa asili ya Busia:
wajomba walitoweka na kahawa usiku upande huu,
asubuhi wakaibuka upande wa pili na sabuni.

Kulikuwa pia na kitufe cha kutoweka.
Unakibonyeza, haupo.
Kisha unaonekana pengine, mzima,
au unapasuka.
Watoto tulikipenda sana.
Wakubwa waliosimama nyuma yetu
walitazama pembeni.

Jioni moja aliingia askari, bunduki begani.
Siku zile Kiswahili cha askari kilikuwa na maneno matatu:
simama, kaa chini, toa.
Akaitazama ile mistari.
Akaegemeza bunduki kwenye gunia la chumvi,
akasema taratibu, "Dada mdogo, nifundishe."
Sijasikia tena Kiswahili kizuri kama kile.

Nikamshika kidole, kilichozoea kubonyeza mambo mengine.
"Usipige mfululizo," nikamwambia. "Geuka kwanza.
Ngoja jiwe lije."
Akafa mara tatu akicheka.
Mara ya nne akaingia orodha ya washindi,
chini ya NEK, yaani Nekesa, yaani mimi,
chini ya WAN,
na kwa kuwa hakujua kugeuza herufi
akaziacha kama alivyozikuta: AAA,
kama mtu aliyeonyeshwa kitu akashangaa.

Kisha umeme ukakatika.
Bwawa lilikuwa mwendo wa baiskeli tu kutoka kwetu,
Nile nzima ikizunguka mle ndani,
na bado ukakatika.
Mistari ikajikunja ikawa nukta,
nukta ikakaa kidogo, inatuangalia,
ikazimika.
Mashine ile haikuwa na kumbukumbu.
Kila giza lilifuta majina yote,
na taa ziliporudi
bingwa na mjinga walianzia sufuri.

Askari alisubiri gizani kama robo saa,
akinusa chumvi na mafuta ya taa kama sisi.
Akauliza kama kesho atalikuta jina lake.
Nikasema atalikuta.
Hakurudi. Wandera alisema wamepelekwa kaskazini.

Leo nafundisha hesabu, Tororo.
Nachora pembetatu ubaoni,
na mkono unabaki hewani, unangoja igeuke.
Pembe ya kwanza naandika A.
Ya pili, A.
Ya tatu, A.
"Mwalimu, umekosea," wanasema.
Kweli, nimekosea.
Naiacha kidogo kabla ya kufuta.