Anza Chini

Wateja wananiita Mama Viti.
Viti mia tatu, maturubai manane,
na pikapu moja nyeupe, mlango wa kushoto wa bluu,
iliyobeba vilio na vigelegele vya nusu ya Kimara.
Hakuna mfiwa aliyelowa chini ya turubai langu.
Niliyelowa ni mimi,

ndani ya kebini, masika mawili mfululizo,
zulia la kushoto likilia chwa! chini ya kisigino,
harufu ya mbwa aliyenyeshewa,
na sisi hatufugi mbwa.
Hemedi, mtoto wa kaka yangu, alisafiri miguu juu ya dashibodi
kama bwana harusi.

Fundi wa kwanza, Gerezani, alitazama dakika moja:
kioo cha mbele.
Akakizungushia silikoni nyeusi, nene kama wanja wa mtu mwenye hasira.
Elfu arobaini.
Wa pili: mpira wa mlango.
Elfu sitini na tano, na soda.
Alhamisi ikanyesha, nikachota maji kwa kikombe cha chai.
Wenye methali walishasema, ziba ufa.
Hawakusema ufa wenyewe unaishi wapi.

Lusekelo wa Tabata hakusema kitu.
Aling'oa kiti, akainua zulia,
akatoa magazeti yaliyogeuka uji,
shilingi mia, kijiko cha pilau cha watu,
risiti ya msiba ambao jina la mwenyewe maji yamelila.
Akakausha bati kwa kitambaa
akanyunyiza poda ya mtoto, nguzo hadi sakafu,
mpaka kebini ikanukia kama wodi ya wazazi.
Akamwingiza Hemedi na tochi, akafunga milango.
Mimi akanikabidhi mpira wa maji.

"Anza chini," akasema. "Panda polepole.
Ukimwagia juu kwanza, kila kitu kitakiri."

Nikaanza chini. Kizingiti. Bawaba. Dakika tano, tano.
Kioo.
Hemedi kutoka ndani: pakavu.
Kile kijisima chini ya waipa, alikochokoa kwa waya
konzi mbili za majani ya mwarobaini: pakavu.
Paa: pakavu, shangazi, ila nakufa na joto!
Nikaona aibu,
kama mgonjwa anayepona mlangoni mwa daktari.

Lusekelo akafuta mikono. "Usiku unaegesha wapi?"
Nyumbani, Kimara.
"Pakoje?"
Mteremko. Pua chini, jiwe mbele ya tairi.

Akaleta jeki. Tukainua makalio ya gari
mpaka likainama kama linavyoinama kwangu kila usiku.
Nikamwaga tena, juu, nyuma,
kwenye ile taa ndogo ya breki
ambayo sikuwahi kuitazama,
maana huwaka kwa ajili ya walio nyuma yangu.

Hemedi akapiga kioo kwa ngumi.

Katika poda, mstari mmoja,
umepinda kama mwandiko wa chekechea:
umetoka kwenye taa, umetambaa ndani ya dari,
umeshuka nguzo ya kushoto, umepita kando ya kizingiti,
ukaja kulala mbele kabisa, miguuni,
mbali na kwao.

Gasketi ilikuwa biskuti. Ilivunjikia kidoleni.
Akakwangua kwa wembe, akapangusa kwa petroli,
akakata mpya kutoka tyubu ya baiskeli,
silikoni kidogo, uzi tu,
skrubu akazikaza kwa zamu, pembe kwa pembe.
"Isiguswe mpaka kesho."
Elfu kumi na tano. Soda akaikataa,
akaomba viti ishirini, ubatizo wa mwanawe.
Nikampa hamsini.

Jumapili usiku mvua ilimwagika kama magunia ya mchele yaliyopasuka.
Nilitoka na khanga kichwani, nikaingia kebini, nikafunga.
Nikaketi kushoto, peku.
Nyayo zikasubiri.

Bado panamnukia yule mbwa kidogo.
Na Hemedi bado anapandisha miguu, anasema ni mazoea.

Lakini usiku ule mvua iligonga paa lote,
hapa, pale, tena hapa, ikitafuta,
nami nikanyamaza kimya,
nisije nikaielekeza.