Mbele ya Kioo cha Ludovina

Simama wima, Adérito. Usibane tumbo.
Kitambi unachokimeza mbele yangu
utakitapika kanisani, benchi la mbele,
na kifungo kitaruka kimpate padri.
Pumua. Naam.
Huyo ndiye ninayemshonea.

Miaka thelathini na mmoja, mtaa huu huu wa Porto,
nimewapima wanaume. Nawajua kwa visogo.
Hajapanda ngazi zangu hata mmoja na umbo lake:
huyu huja na kifua cha ujana wake,
yule na miguu ya mchezaji aliyemwona kwenye runinga,
na wewe leo umeniletea mabega
ambayo, Mungu anisamehe, sijui ni ya nani.

Tazama. Bega lako linaishia hapa.
La koti, huku. Katikati pana shimo
njiwa anaweza kutagia.
Mikono imemeza vidole:
anayekuamkia anashikana mkono na kitambaa.
Ulidhani upana utaficha tumbo?
Hema halifichi kitu. Hema hutangaza kuna kambi.

Sikiliza, maana mvua imeshika na huna pa kwenda.
Suruali ipande mpaka kitovuni,
isijifiche chini ya tumbo kama mdaiwa.
Mkanda tupa; tutaining'iniza kwa kanda za mabegani.
Vifungo viwili, ufunge cha juu tu.
Kola ishuke ndefu, kwa sababu jicho ni jivu:
ukilipa njia ya kuteremka, linateremka,
halina haja ya kuzunguka pembeni.
Miraba mikubwa mwachie binamu yako Quintino,
ufito ule unahitaji kunenepeshwa.
Wewe nakupa buluu ya usiku mchanga.
Na pindo la kukunja, hapana!
Mfupi akikunja suruali amejikata sentimita tatu bure.

Usinitajie nyeusi.
Nyeusi hupunguza, kweli, ila umeivaa tangu Februari
na sijaona ilichokupunguzia
zaidi ya kicheko.

Wahenga hawakukosea:
nguo ya kuazima haisitiri matako.
Na hili koti la kijivu, Adérito, haki ya Mungu,
umeliazima.

Mbona kimya?

La Firmino.

Ngoja.
Ngoja niketi.
Geuza kwapa, lete kwenye taa.
Mshono huu ni wangu. Mkono wangu wa zamani,
kabla macho hayajaanza kunidanganya.
Nililikata mimi, kwa mabega ya kaka yako,
mabega yaliyopakua meli Leixões mpaka yakawa mlango,
na leo nimesimama hapa nalicheka.

Kwa hiyo bibi harusi ni binti yake.
Na atakayemshika mkono ni wewe.
Ungelianza na hilo, mwanamume,
ningefunga mdomo kwa pini.

Vua.
Buluu tuisahau.
Nitalifumua usiku huu, nirudishe mabega ndani,
sentimita nne huku, nne huku,
na mikono ipande mpaka shati lichungulie kidogo.
Hapa pa tumbo nitaachia, nguo ipo;
marehemu alikula vizuri pia.
Lakini mkasi sitaugusa.
Kilichozidi begani nitakikunja chini ya bitana,
kikae.

Watakaokutazama watamwona mtu mfupi, mnene,
amenyooka, amevaa nguo yake.
Hawatajua zaidi.
Labda yule binti, mlangoni, miguu ikimtetemeka,
atakapoegemea begani akakuta
pamenenepa kidogo kuliko alivyotarajia.

Haya, chukua mwavuli wa marehemu mume wangu,
huo hauna saizi.
Alhamisi, saa kumi jioni.
Na uje umekula, Adérito.
Simpimi mwenye njaa.